Mfanyabiashara Mdogo na Mjasiriamali: Kumpa Kila Mmoja Haki Yake

Mada kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Tunawashukuru kwa kufika. Tunajua kwamba wengi wenu mmefunga vibanda, mmezima majiko au mmeacha cherehani zenu ili kuja kutusikiliza, na kwamba kila saa mnayokaa hapa ni kipato mnachokikosa. Kwa hiyo tunawaomba radhi kabla ya kuanza, nasi tutajitahidi kusema mambo yatakayowafaa mtakaporudi katika Jumuiya zenu.

Tume ya Haki na Amani imechagua mada hii kwa sababu ya mambo tuliyoyaona tulipotembelea Jumuiya. Tumekutana na akina mama walioacha kuhudhuria sala, si kwa kukosa imani, bali kwa sababu nyumba inayosaliwa zamu hiyo iko jirani na mtu anayewadai. Tumekutana na vijana wanaofanya kazi kutwa kwa mali ya mtu mwingine, huku wakiambiwa kwamba wao ni wajasiriamali, na hivyo hawana mwajiri. Tumesikia pia mahubiri na semina ambamo mwuza mchicha anaulizwa kwa ukali kwa nini miaka 10 imepita naye bado anauza mchicha.

Mambo hayo matatu yana mzizi mmoja. Tumewapa watu wa aina mbalimbali jina moja, na baada ya kuwapa jina moja tukawatwisha mzigo mmoja. Wazee wetu wa imani walifundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Lakini hatuwezi kumpa mtu kilicho chake pasipo kumtambua kwanza kuwa ni nani.

1. Jina limetoka wapi?

Neno "mjasiriamali" limeundwa kwa maneno mawili, ujasiri na mali. Ni yule anayethubutu, anayeiweka mali yake mahali ambapo hana hakika ya kuipata tena. Zamani tulisema tu mfanyabiashara, mchuuzi, fundi, mama lishe au machinga. Kila jina lilieleza kazi ya mtu.

Baadaye jina hili jipya lilienea na kuwafunika wote. Mwezi Desemba 2018 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa vitambulisho kwa watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa malipo ya shilingi 20,000. Vitambulisho hivyo viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Nia ilikuwa kuwakinga wachuuzi wasisumbuliwe, nayo ilikuwa nia njema. Lakini tangu hapo tumezidi kuzoea kumwita mwenye sinia la karanga kichwani kwa jina lile lile tunalomwita mwenye kiwanda.

Sera ya Taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 nayo hupima ukubwa. Shughuli yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200 ni ndogo. Yenye watu 50 hadi 99 na mtaji usiozidi milioni 800 ni ya kati. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi ya Serikali. Lakini ukubwa hautuambii mtu anakusudia nini, wala anawajibika kwa nani. Hayo ndiyo tunayopaswa kuyatazama sisi.

2. Mfanyabiashara mdogo ni nani?

Mfanyabiashara mdogo ni mtu anayefanya biashara inayojulikana, kwa njia inayojulikana, ili nyumba yake iishi. Anakaanga maandazi kama jirani yake anavyokaanga. Ananyoa nywele, anashona sare za shule, anauza dagaa kwa fungu. Hakubuni kitu kipya, wala hakukusudia kubuni. Fedha ya biashara na fedha ya nyumbani hukaa katika mfuko mmoja, na mtoto akiugua, mtaji ndio unaokwenda hospitali.

Huyu hakushindwa kuwa mkubwa, maana kipimo chake ni kingine. Ikiwa watoto wamekula, kodi ya chumba imelipwa na daftari za shule zimenunuliwa, biashara ile imetimiza kusudi lake. Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akula na Prisila (Mdo 18:3) ili asimlemee mtu. Hatusomi popote kwamba alilaumiwa kwa kutofungua karakana ya pili.

3. Mjasiriamali ni nani, na wako wa aina ngapi?

Wataalamu wamelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Richard Cantillon, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, alimweleza kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Kwa maana hiyo hata mwuza nyanya yumo. Lakini mwaka 1911 Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria, aliibana maana hiyo. Kwake, mjasiriamali ni yule anayeunganisha mambo kwa namna mpya: analeta bidhaa mpya, au njia mpya ya kutengeneza, au soko jipya, au chimbuko jipya la malighafi, au mpango mpya wa kazi yenyewe. Tukifuata mwanga huo, twaweza kuwatofautisha wajasiriamali wa aina nne.

Wa kwanza ni mvumbuzi. Tuchukue mfano ulio mikononi mwetu sote. Mwaka 2007 nchini Kenya, na mwaka 2008 hapa Tanzania, huduma ya M-Pesa ilianza. Simu ilikuwapo, fedha ilikuwapo, na maduka ya mitaani yalikuwapo. Jambo jipya lilikuwa kuviunganisha. Huo ni ujasiriamali. Lakini wakala aliyeketi katika kibanda chake, anayetumia floti yake mwenyewe na kulipwa kamisheni ambayo hakuipanga yeye, ni mfanyabiashara mdogo. Wote wawili wanafanya kazi halali katika huduma ile ile. Mmoja alipanga utaratibu, na mwingine anaishi ndani ya utaratibu uliopangwa.

Wa pili ni mwenye jicho la kuona pengo. Huyu si lazima avumbue kitu. Huona kinachokosekana kabla wengine hawajakiona. Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mhasibu. Katika miaka ya 1980, wakati bidhaa nyingi ziliadimika madukani, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam. Kalamu haikuwa kitu kipya duniani. Lakini ilikuwa haba, naye akathubutu. Kutoka hapo alijenga viwanda na vyombo vya habari.

Wa tatu ni mjasiriamali wa kijamii, anayebuni njia mpya ili watu wengi watoke katika dhiki pamoja. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao ili wautetee na kuuendeleza ukulima wao, wakati walowezi walipokuwa hawapendi kuona Mwafrika akilima zao hilo. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Hakuna mkulima mmoja kati yao aliyekuwa tajiri wa kulifikia soko la dunia peke yake. Ubunifu ulikuwa katika kuungana.

Kanisa nalo lina mfano wake. Mwaka 1941 padre kijana, José María Arizmendiarrieta, alipelekwa katika mji mdogo wa Mondragón, nchini Hispania, uliokuwa umeumizwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Hakuanza kwa kutoa mikopo. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi. Mwaka 1956 vijana watano waliosoma katika shule ile walianzisha kiwanda cha majiko, ambamo wafanyakazi wenyewe ndio wenye mali, na mwaka 1959 ikaanzishwa benki ya ushirika. Leo ushirika wa Mondragón unaajiri makumi ya maelfu ya watu. Tuone vizuri mpangilio wake: elimu kwanza, kazi baadaye, na fedha mwisho. Sisi mara nyingi tunaanza na fedha.

Wa nne ni mjasiriamali wa hila. Mwaka 1990 mchumi William Baumol alieleza kwamba moyo wa kuthubutu wenyewe si mwema wala mbaya. Hutegemea jamii inatoa tuzo kwa jambo gani. Mahali ambapo kutengeneza bidhaa bora kunalipa, mtu hodari atatengeneza bidhaa bora. Mahali ambapo kuficha sukari, kununua zabuni au kuhonga kunalipa, mtu yule yule atatumia akili ile ile kufanya hayo. Wazee wetu wanawakumbuka walanguzi wa miaka ya mwanzo ya 1980. Walithubutu, na walikuwa wabunifu kweli kweli. Lakini nabii Amosi aliwajua watu wa namna hiyo zamani sana: wale wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, wakisubiri kwa hamu sabato ipite ili wauze (Am 8:5). Kwa hiyo tusimsifu mtu kwa sababu tu ameitwa mjasiriamali. Tuulize kwanza ameongeza nini katika maisha ya wengine.

4. Tofauti yao ni ipi hasa?

Kwa ufupi, tofauti ni tatu. Ya kwanza ni kusudi: mfanyabiashara mdogo anatafuta riziki ya kudumu, na mjasiriamali anatafuta kukuza kitu ambacho hakikuwapo. Ya pili ni hatari: mfanyabiashara mdogo hukwepa hasara kwa kuwa hasara yake ni njaa, na mjasiriamali huikubali kwa kuwa ana mahali pa kuegemea, ama akiba, ama elimu, ama wenzake. Ya tatu ni uhusiano na watu wengine: mfanyabiashara mdogo hutumia jasho lake na la nyumba yake, na mjasiriamali anayekua hutumia jasho la wengine. Duka kubwa linalouza vitu vile vile kwa njia ile ile laweza kuwa biashara tu, na karakana ya watu wawili yaweza kuwa na ujasiriamali ndani yake. Tena mtu aweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, lakini ahame kwa hiari na kwa maandalizi, wala asisukumwe.

5. Kwa nini hili ni jambo la haki?

Kwanza, kwa sababu ya mikopo. Tuchukue mfano wa mama anayekaanga maandazi kwa mtaji wa shilingi 50,000. Kila siku anapata faida ya shilingi 8,000. Nyumba yake inatumia 7,000, naye anaweka akiba 1,000. Anakuja mtu na kumwambia: "Mama, wewe ni mjasiriamali, kuza mtaji." Anakopeshwa 100,000, arudishe 130,000 kwa siku 20, yaani 6,500 kila siku. Mtaji umeongezeka, lakini walaji wa mtaa ule hawakuongezeka. Faida inabaki 8,000. Akitoa 6,500, nyumbani zinabaki 1,500. Nyumba inahitaji 7,000, basi kila siku anachota 5,500 kutoka katika mkopo wenyewe. Baada ya siku 18 mkopo umekwisha, imebaki 1,000 tu, na bado ana marejesho ya siku mbili. Anaingia katika mtaji wake wa zamani. Siku ya 20 amelipa deni lote kwa uaminifu, naye amebaki na mtaji wa 40,000. Hakuwa mvivu wala hakufuja. Alihesabiwa kuwa mtu ambaye siye. Na akikopa mara ya pili ili kuziba pengo, ndipo inapoanza ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu.

Likija suala la kumchukulia masufuria au cherehani, tukumbuke kwamba Kumbukumbu la Torati (24:6) lilikataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kuutwaa uhai wa mtu. Sheria ya nchi nayo ipo: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Aidha, kuanzia mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Viongozi wa Jumuiya hawana budi kujua mambo haya, maana mnyonge asiyejua haki yake ni kama hana.

Pili, kwa sababu ya kazi. Mtu mwenye pikipiki 10 huwapa vijana 10, kila mmoja alete hesabu ya siku. Kijana akiugua, hesabu inadaiwa. Akivunjika mguu, ni shauri lake na la mama yake. Akiuliza habari ya bima au akiba ya uzeeni, anaambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, ni mjasiriamali. Hapa jina limetumika kumwondolea mwenye mali wajibu wake na kumbebesha hatari yule asiye na kitu. Papa Yohane Paulo II alifundisha katika waraka Laborem Exercens (1981) kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji. Mtume Yakobo naye anasema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana (Yak 5:4). Hatusemi kila mwenye pikipiki ni dhalimu. Wako wanaofanya mkataba wa haki ambao mwisho wake chombo kinakuwa cha kijana, na hao tunawapongeza. Tunasema tu kwamba anayetumia jasho la wengine hawezi kukwepa wajibu kwa kubadilisha jina.

Tatu, kwa sababu ya heshima. Katika waraka Centesimus Annus (1991) Papa huyo huyo alitambua kuwa moyo wa kuanzisha mambo na kuthubutu ni sehemu muhimu ya kazi ya binadamu. Papa Fransisko naye katika Laudato Si' (2015) aliita biashara wito bora, na hapo hapo akawatetea wazalishaji wadogo. Kanisa linawaheshimu wote wawili. Halimdai mdogo awe mkubwa ndipo aheshimiwe.

6. Mfano wa talanta

Mara nyingi mfano wa talanta (Mt 25:14-30) hutumika kuwasuta wafanyabiashara wadogo. Hebu tuusome tena kwa utulivu. Bwana yule aligawa talanta kwa kila mtumishi kadiri ya uwezo wake: mmoja tano, mwingine mbili, mwingine moja. Aliporudi, aliyeleta nne hakuulizwa kwa nini hakuleta 10. Sifa aliyopewa yeye ni ile ile aliyopewa mwenzake, neno kwa neno, na wote waliingizwa katika furaha moja. Aliyehukumiwa ni yule aliyefukia alichopewa. Mama anayeamka saa 10 usiku kuwasha moto hajafukia kitu.

Na tuone jambo jingine: bwana alitoa mali kwanza, tena kwa muda mrefu. Anayetaka kuvuna wajasiriamali katika parokia lazima apande kwanza: elimu ya ufundi, hesabu za vitabu, subira na kundi la kumshika mtu anapoanguka.

7. Tunapendekeza nini?

Ndugu wapendwa, tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kikundi cha kuweka na kukopa kimuulize mwanachama, kabla ya kumpa mkopo, je, anataka kulinda riziki au kuanzisha jambo jipya. Na masharti yafuate jibu lake. Kwa anayelinda riziki, mfuko wa dharura ya ugonjwa na msiba humfaa kuliko mkopo mkubwa. Kwa anayeanzisha jambo jipya, marejesho yasianze kabla kazi haijaanza kuzaa. Wale waliojaliwa mali, ambao ni wajasiriamali kweli, waitwe na paroko na viongozi wa walei, si kwa ajili ya michango ya ujenzi tu, bali waulizwe kuhusu mishahara na bima za watu wao, na waombwe wawafundishe vijana wanaochipukia. Na mwenye deni asiachwe peke yake: Jumuiya imtembelee, isiwe mahali pa kumkimbia.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

(a) Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaofanya biashara ya kujikimu, na ni nani wanaoanzisha mambo mapya? Tunawaheshimu kwa namna moja?

(b) Je, yuko mwanajumuiya aliyeacha kuja kwa sababu ya deni? Nani atakwenda kwake wiki hii?

(c) Je, wako kati yetu wanaotumia kazi ya wengine huku wakikataa kuitwa waajiri? Tutaongeaje nao kwa upendo na kwa ukweli?

(d) Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatazama nini kabla ya kutoa mkopo?

Sasa rudini kwenye vibanda na majiko yenu. Mungu azibariki kazi za mikono yenu, ndogo kwa kubwa, na atujalie sote macho ya kumtambua kila mmoja jinsi alivyo. Tumsifu Yesu Kristo!